Kitochi, tachi mpya au mtumba mkali? Nalinganisha simu nilizopitia huku Kusini

Malipo ya korosho yakianza tu kuingia, simu yangu haipumziki. Huyu anapiga kutoka Tandahimba, yule anatuma meseji yuko Newala, na kuna binamu yangu mmoja wa Mtama huyo ndo usiseme, anarusha picha za simu chungu nzima kwa mpigo alafu anaandika "hapo ipi kaka?" bila hata kusema ana shilingi ngapi mfukoni. Wananiuliza mi kwasababu wanajua nimebadilisha simu sana toka enzi za vocha za kukwangua mpaka leo, na karibu zote nimezitumia hukuhuku Mtwara na Lindi, kwenye vumbi letu na umeme wetu na mtandao wetu wa kuchagua pa kusimama. Sa nimeona bora niziweke pamoja nizilinganishe, mtu akiuliza namtumia hii.

Msimamo wangu nausema mapema kabisa ili asiyekubali asipoteze bando lake. Huku kwetu ukianza kuchagua simu kwa kamera umeshapotea. Anza na chaji, angalia sauti, uliza kama fundi wa hapo ulipo anaweza kuifungua na vipuri vyake vipo, hayo ya megapikseli yaje mwisho kabisa. Na kama hela inaruhusu, simu mbili za kawaida zinamsaidia mtu wa huku kuliko moja ya kuringia.

Tuanze na kitochi. Changu cha kwanza kilikuwa Nokia 1100, ile ya bluu. Simu hii ilitoka mwaka 2003 na ziliuzwa zaidi ya milioni 250 dunia nzima, na wala sishangai, maana aliyeibuni ni kama alishawahi kukaa kijijini. Tochi iko kichwani, unabonyeza kitufe cha C unakishikilia inawaka. Vitufe vyenyewe ni raba moja nzima iliyofunika mbele yote, kwahiyo vumbi halina pa kupenyea. Kioo hakina rangi, majina kwenye simu yanaingia 50 tu, yanayobaki unayaweka kwenye laini, na laini nayo ikijaa unarudi kwenye kidaftari cha namba, watu wengi tu walikuwa nacho mfuko wa shati.

Betri yake ni ile BL-5C ya mAh 850. Ukiiweka pembeni ya tachi za leo za mAh 5,000 utacheka, ila kioo kile kidogo hakikuwa na cha kula, unachaji leo unakuja kukumbuka chaja wiki inakata. Na betri ya umbo lile mpaka leo inauzwa kila kona, inawekwa hadi kwenye viredio vidogo na spika za kubebea, ndo maana mtu akiniuliza kitochi gani anunue namwambia fungua mgongo kwanza, ukikuta betri ya aina hiyo hutakaa uangaike kutafuta nyingine hata uwe Liwale.

Sa ukilinganisha 1100 na vitochi vya leo, hivi vya itel au Tecno au Nokia zenyewe za sasa hivi, cha leo kinashinda karibu kote. Laini mbili, memori kadi, redio, majina unaweka mpaka unachoka, na spika yake ikiita hata aliye kisimani anasikia. Kinapozidiwa ni ugumu tu, vitufe vya vitochi vingi vya leo vinafutika namba mapema na gamba linaachia ukikiangusha mara kadhaa. Ila kwa elfu 25 au 35 hivi unategemea nini tena. Mjomba wangu wa Kitangari nilipomuuliza nimpelekee ya aina gani akaniambia, "mpwa, mi niletee inayoita kwa nguvu na yenye tochi, hayo mengine bakini nayo nyie." Nikamwambia mjomba, kuna vingine vinapiga na picha. "Picha ya nini, we si unayo yako?" Nikaishiwa maneno.

Alafu watu wanasahau kitu kimoja, kitochi kinafanya kila kitu kinachohusu hela. M-Pesa imeingia Tanzania mwaka 2008, watu wakati huo tachi hata hawaijui, na mpaka leo *150*00# inafanya kazi vilevile kwenye kitochi cha elfu 25 na kwenye simu ya milioni mbili, tena bila bando. Airtel *150*60#, huku Yas ambayo zamani ndo Tigo ni *150*01#, Halotel *150*88#. Mkulima anayesubiri hela ya mnada iingie, atoe, alipe vibarua, anunue vocha, hana anachokosa hapo.

Baada ya kitochi likanikumba wimbi la mchina, na nadhani kila mtu wa umri wangu lilimpitia. Simu laini mbili, kuna hadi zenye laini nne, antena ya kuvuta unaangalia runinga, spika nyuma zimepangana kama kwenye gari la matangazo, taa za rangi zinawaka ukipigiwa. Kwa bei ya simu moja ya maana ulikuwa unapata hayo yote. Zilidumu? Hazikudumu. Ila ndo zilizotufundisha raha ya laini mbili, makampuni makubwa yakaja kufuata nyuma. Kwenye kuchagua simu leo hii zama nimeiweka kwa sababu moja tu: usiku wa kuamkia tarehe 17 Juni 2016 TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano, walizima simu feki zote nchini, watu wakaamka na vipande vya plastiki mkononi. Kwahiyo simu yoyote unayotaka kununua, iwe ya dukani au ya mtu unayemjua, bonyeza *#06# upate IMEI, tuma hiyo namba kwenda 15090, jibu linakuja na jina la simu. Jina lililokuja likitofautiana na simu uliyoishika, mrudishie mwenyewe taratibu uondoke.

Nokia C3 ndo iliyoniingiza WhatsApp. Ilitoka 2010, vitufe vyote vya herufi vimetandazwa mbele kama kompyuta, ina waifai, betri mAh 1,320 inatolewa, na ukishazoea vile vitufe unaandika bila kuangalia. Mi mpaka kesho naamini kuandika meseji ndefu kwenye C3 ni raha kuliko kwenye tachi, ila ni mapenzi tu hayo. Ndugu yake wa karibu kwa zama hizi ni zile zenye KaiOS, mfano Smart Kitochi ya Vodacom iliyoingia 2019, yani kitochi chenye intaneti. Ukizilinganisha zimefanana hadi kifo chao: WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Nokia za kundi la C3 mwisho wa mwaka 2018, na hizi za KaiOS nazo WhatsApp wameshaziacha. Kwahiyo mtu akikuuzia kitochi cha intaneti akakwambia "hiki kinashika WhatsApp" mwambie aiwashe hapohapo utume meseji na ijibiwe. Hivyohivyo kwa tachi za zamani mnazorithishwa na kaka wa mjini, toka Oktoba 2023 WhatsApp inataka Android 5.0 kwenda juu, chini ya hapo ni saa ya mezani hiyo.

Kwenye tachi nimepitia kadhaa, sitataja zote. Ya kwanza ilikuwa ya bei ya chini kabisa, jina naliacha, nafasi yake ndani ilikuwa ndogo kiasi kwamba ukiweka WhatsApp na Facebook simu inaanza kuomba ufute kitu, unafuta picha, kesho inaomba tena. Iliyokuja kunituliza ni Samsung A10 ya mwaka 2019. RAM 2, nafasi GB 32, betri mAh 3,400, kioo inchi 6.2, kwa karatasi haina cha kutisha lakini ile simu ilifanya kazi ya ukarani misimu na misimu. Mi msimu ukianza huwa naenda kukaa mzani kwenye chama cha msingi, na kazi siku hizi robo tatu iko kwenye simu: unapiga picha stakabadhi, unatuma kwenye grupu, bei za mnada zinatumwa kwenye grupu, mkulima anakuja anauliza "MAMCU imeuza ngapi, na TANECU je?", yani vile vyama vikuu vya ushirika vinavyouza korosho zetu, unamfungulia anaona mwenyewe. Hapo kitochi kinakaa pembeni, lazima tukubali.

Basi tuzishindanishe sasa kwenye mambo yenyewe, na naanza na chaji kwasababu huko ndo ugomvi ulipo.

Kinachouma ni kwamba gesi inatoka kwetu. Mnazi Bay iko hapo Msimbati, bomba la kupeleka Dar limekamilika 2015, na umeme wetu wa Mtwara na Lindi unafuliwa kwa gesi hiyohiyo, lakini kwa miaka mingi hatukuwa kwenye gridi ya taifa, kwahiyo mitambo ya hapa ikigoma hapakuwa na pa kuazima. Mjini ukikatika unasubiri. Kijijini unapeleka simu kibandani. Kama hujawahi kuviona vibanda vya kuchajisha, ni ubao umepigiliwa soketi, sola juu ya bati, kila simu imebandikwa kipande cha plasta chenye namba, na pembeni zile chaja za kobe zimebana betri, zinapepesa nyekundu kijani nyekundu kijani. Sa tazama tofauti. Kitochi unaacha betri tu kwenye kobe, simu unaondoka nayo mfukoni, au unakuwa na betri mbili unabadilisha. Tachi betri yake haitoki siku hizi, kwahiyo unaiacha nzima kwa mtu, na picha zako na mambo yako, alafu betri ya mAh 5,000 kwenye chaja yenye moto mdogo na sola ambayo wingu likipita inasinzia, unaifuata jioni iko nusu. Na ukimuuliza mwenye kibanda kwanini tachi analipisha zaidi anakujibu inakunywa sana, na ni kweli.

Ila ukiwa na umeme wa uhakika kidogo, au sola ya nyumbani, tachi mpya ya mAh 5,000 siyo mbaya hata kidogo, ikijaa inakupa siku nzima na kesho yake mpaka mchana kama we siyo mtu wa video. Inayofeli vibaya kwenye hili ni ile simu kali ya mtumba. Mi niliwahi kuwa nayo, ya kampuni kubwa, na nitasema ukweli wote: picha zake mpaka leo ndo nzuri kuliko zote nilizonazo, harusi ya dada yangu Lindi mjini nimeipiga mimi na watu wakadhani tumekodi mpiga picha. Lakini betri ile ilikuwa imeshatumika miaka huko ilikotoka, saa nane mchana inaomba chaji, na kuna muda inakuonyesha asilimia 22 alafu inazima ghafla kana kwamba umeichomoa roho. Kubadilisha betri? Unabadilisha, sema unayowekewa mara nyingi siyo ya kiwandani kwake, na gundi ya mgongo ikishafunguliwa ile sifa ya kutoingia maji ndo kwaheri, iwe imeandikwa nini kwenye matangazo.

La pili ni salfa, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho. Hili huwezi kulikuta kwenye video za watu wa Dar wanaochambua simu. Kuanzia mwezi wa tano wa sita hivi mpaka wa nane mikorosho inapulizwa, mashine zinaunguruma, unga wa njano unatanda shamba zima, na ule unga ni mwembamba kuliko wa ngano. Unaingia kwenye tundu la chaja, kwenye spika, kwenye maiki, alafu jasho na unyevu vinaukandia humo ndani. Nilimpelekea fundi mmoja Masasi tachi iliyokuwa haisikiki ukipigiwa, akafungua skrubu moja moja, akaniita nichungulie. Kile kichujio kidogo cha spika ya sikioni kimegeuka njano kabisa, na meno ya shaba kwenye tundu la chaja yamepiga weusi. "Hii haijafa," akaniambia, "imekula salfa." Akachukua mswaki wa zamani, akaloweka kwenye tina, akasugua taratibu huku anapuliza, akaiwasha ikaongea. Salfa na shaba havipatani, vikikutana shaba inafanya weusi na moto haupiti vizuri, ndo maana unaona chaja inashika ukiibana kwa pembeni tu.

Kitochi kwenye salfa nacho kinaumia, ila matundu yake ni makubwa na vifaa vyake bei ya soda, unasafisha mwenyewe maisha yanaendelea. Tachi mpya za bei ya chini nazo zina unafuu, maana bodi ndogo ya chaji ya simu iliyojaa mtaani kila fundi anayo, hata Nanyumbu utaipata. Mtumba mkali ndo balaa tena: kipuri kinaagizwa Kariakoo, kinakuja na basi, na kioo chake kikipasuka bei ya kioo unaweza kununua tachi nyingine mpya. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar kule upande wa Somanga, magari yamesimama, fundi wangu alikuwa na simu za watu zimefunguliwa mezani zinasubiri vioo vilivyo njiani. Kwa wale wa pwani, Mikindani mpaka Kilwa, ongeza na hewa ya chumvi, tundu la chaja linapata kutu hata simu ikiwa ndani ya nyumba. Ukienda kupuliza funga simu kwenye mfuko wa nailoni, iwe ya bei yoyote ile.

Mtandao sitakaa nao sana. Kwa kupiga na kupokea, kitochi na tachi viko sawa, tofauti unaiona kule kwenye mtandao wa kuibia, kitochi kinashika kidogo pale ambapo tachi inahangaika kubadili badili kati ya 4G na 2G na kumaliza chaji kwa kutafuta. Dawa yake ipo, ukiwa kwenye eneo kama hilo ingia kwenye mipangilio uifunge kwenye 2G, ukirudi mjini unafungua. Na wanaokaa Msimbati, Kilambo na huko kando ya Ruvuma, weka simu ichague mtandao kwa mkono, usiiachie yenyewe, vinginevyo itarukia minara ya Msumbiji na salio litaondoka hujui limeenda wapi. Hii inawezekana kwenye zote, hata kitochi. Mwezi huohuo wa Hidaya, tarehe 12, intaneti nayo ilianguka nchi nzima sababu ya nyaya za chini ya bahari, tachi zikawa zinazungusha kiduara tu, wenzetu wa kitochi wakawa wanapiga simu kama hakuna kilichotokea. Nacheka ila siku ile mi kitochi changu kiliniokoa.

Kuna kundi la nne ambalo kwenye historia yangu halipo lakini nimelishuhudia kwa jirani zangu wa Chikongola wengi tu: simu ya mkopo. Unatoa kianzio, unalipa kila siku, usipolipa simu inajifunga. Siwazuii watu, kuna bodaboda analala na hela ya kila siku na simu imemsaidia kazi. Ila fanya hesabu kabla hujasaini. Mfano kianzio elfu 60 na kwa siku 1,500 kwa mwaka mzima, hiyo 1,500 ukizidisha mara 365 ni 547,500, jumlisha na kianzio inafika 607,500. Nenda sasa kaulize simu hiyohiyo keshi ni shilingi ngapi uone tofauti. Na kwa mkulima wa korosho hapa pana tatizo jingine kubwa kuliko riba: hela yetu inakuja kwa msimu. Kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili, wa kwanza, mfuko una nguvu, mwezi wa nne hata ya sukari ni mipango. Mkopo unaodai kila siku haujui msimu, simu itajifunga mwezi wa tatu wakati bado hujamaliza na huna pa kuitoa hiyo 1,500. Kwa mtu wa korosho mi nasema nunua keshi hela ikiwa mkononi, hata kama ni simu ya chini ya ile uliyoitamani.

Na hapo dukani kuna michezo ya kuijua. Boksi limeandikwa RAM 8 kwa maandishi makubwa, ukisoma ya chini madogo unakuta ni 4 jumlisha 4, yani 4 ndo RAM yenyewe na 4 nyingine inakopwa kwenye nafasi ya kuhifadhia. Siyo wizi, imeandikwa, sema hawaandiki kwa herufi za kukuamsha. We hesabu ile halisi tu. Kwa sasa mi siwezi kumshauri mtu achukue chini ya RAM 4 na nafasi GB 64, magrupu ya WhatsApp ya wakulima na ya kanisa na ya msikitini na ya ukoo yatazijaza zile GB 32 kabla msimu haujaisha. Kamera ikiandikwa 50 isikuzuzue, piga picha mle ndani ya duka pale penye kivuli, ipanue, angalia kama maandishi ya boksi yanasomeka. Karani anataka stakabadhi isomeke, hayo mengine anasa. Tundu la chaja lichague la taipu C, linaingia pande zote na waya wake siku hizi umejaa, zile za zamani za upande mmoja ukichomeka gizani vibaya mara mbili tatu ulimi wa ndani unavunjika.

Anayeng'ang'ania mtumba pamoja na yote haya, na najua wapo maana vijana wa Shangani hawasikii, basi akague hivi. Samsung andika *#0*# kwenye sehemu ya kupigia, itakuletea majaribio ya kioo, gusa nyekundu, kijani, bluu, na uangalie kama kuna kivuli cha kibodi au cha alama za juu kilichoganda kwenye kioo, hicho hakitoki. iPhone ingia kwenye mipangilio ya betri usome afya yake, ikiwa chini ya 80 jua gharama ya betri inakusubiri. Alafu mwambie muuzaji airudishe kiwandani mbele yako na uiwashe upya mpaka mwisho, ikiomba akaunti ya Google au ya Apple ya mtu usiyemjua, achana nayo hata akikuapia kwamba fundi anatoa loki. Usilipe ukiwa umesimama stendi.

Sa binamu yangu wa Mtama na wengine wote, hela zenu mnazijua nyie, mi nagawa hivi. Ukiwa na elfu 40, kitochi cha laini mbili chenye betri inayotolewa, chenji inayobaki nunua betri ya akiba na uiweke kobe. Ukiwa na laki tatu, usiimalize yote kwenye tachi moja. Toa elfu 30 ya kitochi, laki mbili na nusu tafuta tachi mpya yenye waranti na ambayo umeziona nyingi mikononi mwa watu, maana nyingi mikononi maana yake vipuri vipo, hela inayobaki kava na protekta. Laini ya hela iweke kwenye kitochi, laini ya bando kwenye tachi, ukienda shamba unabeba kitochi peke yake na tachi inabaki ndani haijui salfa inafananaje. Mwanafunzi wa chuo pale Mtwara mjini mwenye umeme na asiyekanyaga shamba, huyo achukue tachi moja ya maana, kitochi hakimhusu. Mpiga picha wa maharusi au anayeuza nguo mtandaoni, mtumba mkali kwako una sababu, kamera inakulipa, ila nunua na pawabenki siku hiyohiyo na utenge ya betri. Mzee, kitochi. Hata akiwa na mamilioni ya korosho, mzee mpe kitochi kinachoita kwa nguvu, na tachi mpe mjukuu anayekaa naye.

Ukishakuwa na simu mbili na laini zimekuwa tatu nne, bonyeza *106# uangalie kitambulisho chako cha NIDA kimesajili namba zipi. Ukikuta usiyoitambua, nenda kwenye duka la mtandao husika waifute kabla hujaanza kupokea hela za mnada humo.